Pasi ya Faki katika Nchi ya Gubigubi

Mwenye chungu motoni na akiepue kwanza, maana hadithi hii haipendi kusikilizwa na mtu anayenusa harufu ya kuungua. Umeepua? Haya, keti.

Alikuwako mwanamke mmoja jina lake Mwatime, mjane wa Faki dobi, aliyefunga safari kwenda kumwona dada yake akajikuta amefika katika nchi isiyokuwamo kwenye ramani yoyote. Alipitia wapi mpaka akafika huko? Tusisumbuane kwa hilo. Njia za kuingia Gubigubi ni nyingi, na kila aliyewahi kufiwa anaijua mojawapo.

Alikuwa na mkoba wa nguo, na kikapuni alichukua pasi ya mkaa. Mtu atauliza, msafiri gani huyu wa kubeba pasi ya chuma, tena ya mkaa, zama hizi? Sababu ilikuwa moja tu. Tangu atoke eda, shemeji zake walikuwa wakiitazama ile pasi kwa jicho la mnunuzi wa chuma chakavu, na Mwatime alijua kwamba akiwapa kisogo tu, akirudi haikuti. Pasi hiyo ndiyo iliyowalisha yeye na Faki maisha yote ya ndoa yao. Ndiyo iliyokuwa mkononi mwa Faki alasiri ile alipokuwa akimnyooshea mkewe gauni la kuendea harusi ya jirani. Alimaliza kiwiliwili, akamaliza mkono mmoja wa gauni, kisha akaiweka pasi juu ya kigae na kusema kifua kinambana. "Huo mkono uliobaki nitaumalizia," alisema, akaenda kujilaza. Hakuumalizia. Gauni lile nalo lilikuwamo mkobani, mkono mmoja umenyooka na wa pili una makunjo, kwa kuwa Mwatime hakuweza kulivaa wala kuliacha.

Penye lango la Gubigubi alipokewa na mwanamume mpole wa makamo, ameweka rundo la vitambaa vyeupe begani. Huyo aliitwa Bwana Tamimu, na cheo chake kilikuwa Msimamizi wa Vitambaa.

"Karibu, mama," alisema. "Una nini kisichosemewa?"

Mwatime hakuelewa, na Tamimu, ambaye alikuwa ameulizwa mara nyingi na wageni, akamweleza bila kuchoka. Katika nchi ile hakuna kitu kinachotumiwa kabla ya kutungiwa shairi. Kikombe hakinywewi, mkeka haulaliwi, ufagio haufagii, mpaka mtu awe amekisemea. Waasisi wa nchi waliweka sheria hiyo ili watu wasije wakaishi na vitu vyao kama wapangaji wasiosalimiana. Mwatime aliipenda sheria hiyo papo hapo. Aliona imetungwa na watu wenye moyo, na kwa kweli ndivyo ilivyokuwa. Taabu ilianza pale Tamimu alipokwenda kazini.

Alikitoa kitana cha Mwatime, akakifunika kitambaa, akafumba macho na kukariri: "Ewe mwezi, ewe lulu, waridi lenye asali!" Akakirudisha. Akatoa makubadhi, akayafunika, akasema: "Ewe mwezi, ewe lulu, waridi lenye asali!"

"Hayo si maneno ya kitana?" Mwatime aliuliza.

"Ni ubeti wa langoni, mama. Unafaa kwa kila kitu."

Alipoifikia pasi, aliuliza ni ya nani. Mwatime akamwambia. Tamimu alivua kofia yake, na huruma iliyoonekana usoni mwake ilikuwa ya kweli, si ya kazi.

"Pole sana. Basi hii siwezi kuipitisha kwa ubeti wa langoni. Kitu cha marehemu husemewa na aliyeachwa. Baraza la Usemi linakaa siku ya gulio. Utaghani shairi lako mbele yake, na likikubaliwa utaondoka na pasi yako. Lisipokubaliwa, pasi itapelekwa Ghala la Vitu Bubu."

"Halafu itatoka lini?"

"Itafunikwa vizuri," Tamimu alisema, kama mtu anayetoa faraja. "Lakini kutoka, haitoki."

Mwatime alitikisa kichwa. "Mimi sijui kutunga, mwanangu. Hata matangani, watu waliponitaka niseme neno juu ya mume wangu, nilisema alikuwa mtu mwema, nikanyamaza. Na hilo huambiwa kila maiti, hata mwizi."

"Utafundishwa. Tuna Skuli ya Waanzao." Akachukua kitambaa kikubwa, akaifunika pasi gubigubi mpaka haikujulikana ni pasi au ni paka aliyelala. "Ila tafadhali, usiifunue. Mtungaji hakitazami kitu chake. Macho hudanganya, na shairi hutoka moyoni. Hiyo ndiyo kanuni kubwa ya nchi yetu. Anayechungulia tunamwita mchungulizi, na shairi lake hufutwa."

Alipelekwa kulala kwa Bi Somoe, mwanamke mnene mcheshi aliyekuwa na chumba cha wageni. Huko ndiko Mwatime alikoiona faida ya kanuni kubwa. Kwa kuwa kila kitu nyumbani mle kilikuwa kimesemewa kikiwa kimefunikwa, na kwa kuwa mashairi yote yaliita kila kitu mwezi, mumewe Bi Somoe alikuwa amekaa sebuleni akiita, "Somoe, niletee ule mwezi." Bi Somoe alimpelekea birika. "Si huo, ule mwezi mwingine." Akampelekea kiatu. "Aa, mke wangu, mwezi, mwezi!" Mwisho mzee wa watu alisimama mwenyewe akaenda kuchukua taulo lake.

"Mimi siku hizi naonyesha kwa kidole tu," Bi Somoe alimnong'oneza mgeni wake. "Usinisemee kwa watu, shoga."

Kesho yake Mwatime alikwenda Skuli ya Waanzao. Lilikuwa jengo zuri lenye madirisha mengi, maana somo la kwanza lilikuwa kutazama nje ya dirisha. Somo la pili lilikuwa kushika tama. Wanafunzi wengine walikuwa na mvi na bado walikuwa wakijiandaa kuanza. Mmoja alimweleza Mwatime, kwa fahari isiyo na kificho, kwamba yeye ameshachagua kalamu.

Siku hiyo palikuwa na mjadala, na kwa wema wao walimruhusu mgeni asikilize. Kundi la Kichwa lilishikilia kwamba shairi huanzia kwenye jina lake, na haijuzu kuandika neno kabla jina halijapatikana. Kundi la Mkia lilisema shairi huanzia kwenye mshororo wa mwisho, na asiyeujua mwisho hana haki ya mwanzo. Mjadala huo waliurithi kwa wazazi wao. Ulikuwa mjadala wa heshima, watu wakipeana nafasi na kupigiana makofi, na katika muda wote huo hapakuandikwa hata silabi moja.

Mwalimu Mkuu, bibi mrefu aitwaye Bi Rehani, alimchukua Mwatime kando.

"Wewe una haraka, najua. Nitakupa njia ya mkato. Kifunike kitu chako. Kaa mbali nacho. Kisahau. Ukishakisahau kabisa, subiri upepo wa shairi ukuvumie."

"Na usipovuma?"

"Basi hukusahau vya kutosha."

Mwatime alitoka akiwa na hasira, na chini ya hasira kulikuwa na hofu. Kusahau ndiko alikokuwa akikukimbia tangu siku ya mazishi. Tayari kulikuwa na asubuhi alizoamka asiweze kuikumbuka sauti ya Faki akikohoa. Na sasa mtu mzima mwenye miwani anamwambia asahau zaidi!

Tamimu alimkuta njiani, akaona uso wake, akasema twende nikakuonyeshe Jumba la Picha, labda litakusaidia. Mwatime alimfuata kwa adabu. Jumba lilikuwa kubwa na baridi, na picha zilikuwa nyingi mno, zote zimetundikwa zikielekea ukutani. Wageni walipita taratibu wakitazama mbao za nyuma, misumari na kamba, na mwelekezi aliwaambia wapi pa kuguna na wapi pa kufuta machozi. Kila picha ilikuwa na shairi lake pembeni. Mwatime alisoma mawili, akakutana na mwezi mara zote mbili, akaacha.

Mbele ya picha moja ndogo pembezoni Tamimu alisimama muda mrefu kidogo kuliko ilivyostahili.

"Hii ni ya marehemu baba," alisema. "Aliichora kabla sijapata akili. Kila Ijumaa nakuja kuisalimia."

"Amechora nini?"

Tamimu alimtazama kana kwamba swali hilo halijawahi kupita duniani. "Sijui, mama. Mimi naujua msumari wake."

Mwatime hakucheka. Aliugusa ule msumari kwa ncha ya kidole, kama mtu anayetoa mkono wa pole, kisha wakatoka.

Siku ya kuamkia gulio ilifika, na Mwatime hakuwa na hata mshororo. Mchana, Bi Somoe alipokuwa jikoni, aliketi chumbani mbele ya rundo jeupe, karatasi ya kufungia sukari mapajani, penseli mkononi. Alitazama nje ya dirisha. Alishika tama. Akaandika *Ewe mwezi*, na papo hapo akaona aibu, maana Faki hakuwahi kufanana na mwezi hata siku moja. Alikuwa na mabega ya kushuka na harufu ya sabuni ya mche. Akalikata neno.

Hapo jicho lake likaangukia kile kitambaa. Kilikuwa na makunjo. Makunjo ya kukaliwa, makunjo ya kubebwa begani, mengine yamekaa mle miaka na miaka. Mtu aliyelala kitanda kimoja na dobi kwa umri mzima hawezi kuvumilia kitu kama hicho. "Faki angeona haya," alisema kwa sauti, na kabla hajafikiri amekwisha kukivuta kitambaa, akakikung'uta, na kuanza kukinyoosha kwa kiganja juu ya goti.

Alipoinua macho, pasi ilikuwa ikimtazama.

Alitaka kuifunika upesi. Mkono ukakataa. Akageuka akaona Bi Somoe amesimama mlangoni na sinia la chai. Walitazamana. Bi Somoe aliliweka sinia chini, akaenda dirishani, akashusha pazia, akatoka, na mlango akaurudisha polepole.

Basi Mwatime akatazama. Mwanzoni aliona pasi tu, pasi ya mkaa kama za watu wote. Kisha akaona yule jogoo mdogo wa chuma anayefunga kifuniko, kilemba chake kimevunjika. Na akakumbuka siku kilipovunjika, Faki akicheka na kusema sasa huyu hatawika tena, kaaibika. Akaona matundu ya ubavuni yalivyoshika masizi zaidi upande mmoja kuliko mwingine, kwa kuwa Faki alipenda kuielekeza pasi penye upepo wa mlango. Akaushika mpini. Mti ule ulikuwa umeliwa na mkono wa mtu, na palikuwa na kishimo laini upande wa kulia, ambako gumba la Mwatime, aliyeshika kwa mkono wa kulia, halikufika. Alijaribu mara kadhaa, akashangaa, mpaka likamjia: Faki alikuwa mashoto. Gumba lake ndilo lililochimba pale. Miaka yote hiyo alikuwa akimpelekea mkaa na kumkunjia nguo, na hakuwahi kukiona kishimo hicho, kwa sababu daima kilikuwa na mwenyewe ndani yake.

Alimsogeza jogoo, akafungua kifuniko. Tangu alasiri ile hakuwa amekifungua. Ndani mlikuwa na jivu, jivu la mkaa wa vifuu, na katikati ya jivu kaa moja lililoungua nusu.

Mwatime alilia. Alilia kwa kelele, bila kushika tama, na chai ikapoa. Hakuna upepo uliovuma. Alipokwisha kulia alijifuta kwa kile kitambaa cha serikali, akachukua penseli, na kwa kuwa hakujua jambo la busara la kuandika, aliandika kilichokuwapo mbele yake, kimoja baada ya kingine, kama mtu anayemsimulia kipofu. Akikwama, alitazama tena. Mizani aliihesabu kwa vidole, kwa mapigo yale aliyoyajua tangu utotoni kwenye nyimbo za wanawake wakitwanga. Alipoinua kichwa, karatasi ya sukari ilikuwa imejaa.

Siku ya gulio Baraza la Usemi lilijaa watu. Juu ya kiti cha Mwenyekiti palikuwa na ubao mkubwa wa waasisi, nao ulikuwa umefunikwa kitambaa, kwa kuwa tangu enzi za mababu ulikuwa ukingoja mtu wa kuusemea. Mwenyekiti, Mheshimiwa Mshangama, mzee mkavu mwenye ndevu zilizochanwa, alikuwa na sifa ya kusinzia bila kupitwa na kosa. Pasi iliwekwa mezani, imefunikwa. Tamimu alisimama kando yake, amefunga mikono.

Kabla Mwatime hajaanza, Bi Rehani aliuliza kama kawaida: "Unaapa kwamba hukutazama?"

Bi Somoe, katikati ya watu, aliutazama mchanga wa miguuni mwake.

"Nimetazama," Mwatime alisema. "Nimetazama mpaka macho yakaniuma. Basi nihukumuni, lakini nisikilizeni kwanza."

Watu walivuma kama nyuki. Mchungulizi aliyekiri mwenyewe hawakuwa wamempata kwa muda mrefu. Lakini Mheshimiwa Mshangama, ambaye alikuwa amekwisha kufumba macho, alitikisa mkono kwamba aghani, yaishe. Mwatime akafungua ile karatasi, na kwa sauti iliyotetemeka mwanzoni, akaghani:

*Jogoo wa kifuniko,*
*kilemba kimevunjika,*
*hawiki, ni wake mwiko,*
*tumboni moto wawaka.*

*Mpini una kishimo*
*upande wa kuumeni,*
*kidole kilikuwamo,*
*changu hakikai ndani.*

*Hunyunyiza kwa vidole,*
*maji yakasema chwii,*
*akipita polepole*
*kunjo halivumilii.*

*Mkono wa vazi langu*
*mmoja hakuupita;*
*kaa nusu la mwenzangu*
*ndani yako nimekuta.*

"Pasi!" ilisikika sauti. "Pasi ya mkaa, ile ya jogoo!"

Watu waligeuka huku na huku kumtafuta mwenye utovu wa nidhamu huo. Alikuwa Mheshimiwa Mshangama. Macho yake yalikuwa wazi kabisa, na mkono alikuwa ameunyoosha kuelekea mezani.

"Mama yangu alikuwa nayo," alisema, na sauti yake haikuwa tena ya Mwenyekiti. "Alikuwa akinyunyiza hivyo hivyo. Mimi nikikaa chini ya meza, na yale maji yakinidondokea..." Akashika ndevu zake.

Bi Rehani alisimama. "Mheshimiwa, shairi halina mwezi. Halina hata lulu. Na mtungaji amekiri kutazama. Sheria iko wazi."

"Iko wazi wapi?" Mwatime alimuuliza, kwa upole, maana kweli alitaka kujua.

"Pale." Bi Rehani akaonyesha ubao wa waasisi, yaani kitambaa kilichoufunika. "Imeandikwa pale."

"Umewahi kuisoma, mwalimu?"

Bi Rehani aliwageukia wenzake. Ikadhihirika kwamba hakuna mtu mle ndani aliyewahi kuisoma. Waliisikia kwa waliosikia. Wakatazamana, na kisha wote wakamtazama Tamimu, kwa kuwa vitambaa vyote vya nchi vilikuwa mikononi mwake, na hakuna mwingine aliyekuwa na ruhusa ya kugusa hata upindo.

Tamimu alifungua mikono yake. Halafu akavuta kiti, akapanda, akauondoa ule ushungi wa miaka. Vumbi lilimwagika, na Mheshimiwa akapiga chafya. Maandishi yalikuwa machache na ya herufi kubwa, na Tamimu aliyasoma kwa sauti pole pole, kama anayejifunza kusoma: KITAMBAA NI CHA MSIKILIZAJI. MTUNGAJI NA AANGALIE. KITU KIKITAMBULIWA KABLA YA KUFUNULIWA, KIMESEMEWA.

Kumbe wazee wale walikuwa na mchezo mzuri, mtu anaangalia kitu chake mpaka ashibe, anakifunika, anawaghania wenzake nao wanakibashiri. Na wajukuu, kwa heshima nyingi na kusikiliza kidogo, wakakigeuza kitambaa kikawa kifuniko cha macho ya mtungaji. Sitawacheka. Sisi wenyewe tuna vitambaa vyetu, na wengine tunavifua kila Jumamosi.

"Kimetambuliwa," alisema Mheshimiwa Mshangama, akipangusa pua. "Tena nimekitambua mimi. Mfunulieni mama wa watu pasi yake."

Bi Rehani aliketi. Alikuwa amepauka, na Mwatime akamwonea huruma, akamsogelea na kuikalisha pasi mapajani mwake. "Ishike, mwalimu. Ina uzito wake." Bi Rehani aliishika kwa woga. Baada ya muda mfupi kidole chake kilianza kutembea juu ya mpini, kikitafuta kishimo.

Jioni ile, jua likiwa bado juu ya mapaa, Tamimu alimpitia Mwatime kwa Bi Somoe. Alikuwa hana kitambaa hata kimoja begani, na alionekana kama mtu aliyenyolewa. "Naomba unisindikize, mama," alisema. "Peke yangu sitaweza."

Walikwenda Jumba la Picha. Mbele ya picha ndogo ya pembezoni Tamimu aliuaga msumari wake, nadhani, maana aliutazama sana. Kisha akaigeuza picha.

Hapakuwa na simba wala mfalme. Palikuwa na karai la bati juu ya kigoda, na vikombe vilivyooshwa vimefudikizwa vikikauka, na kimoja kati yao kilikuwa na pengo mdomoni. Ukutani nyuma ya karai palikuwa na kivuli cha mtu aliyeinama, na ncha ya kanga yake tu ndiyo iliyoingia katika picha.

Tamimu alisogea, akaweka kidole karibu na lile pengo.

"Kikombe hiki ninacho," alisema mwisho. "Ndicho ninachonywea. Nilidhani kilipasukia kwangu."

"Basi anza na hilo," Mwatime alimwambia.

"Na hilo tu? Pengo?"

"Mimi nilianza na jogoo asiye na kilemba."

Tamimu alivuta pumzi. "Kikombe chenye pengo," alianza, akihesabu kwa vidole. Akasimama, akatazama tena, akarudia. Mwatime alimwacha pale na kurudi peke yake.

Asubuhi ya kuondoka alimwomba Bi Somoe makaa ya moto. Bi Somoe alimletea kwenye kifuu, yamewaka vizuri, na akakuta mgeni wake ametandika blanketi juu ya meza na gauni limelazwa juu yake, mkono wenye makunjo umenyooshwa kando. Mwatime aliyapanga makaa ndani ya pasi. Kisha akalichukua lile kaa nusu kutoka kwenye karatasi alimolifunga, akalishika juu ya moto.

"Si bora ulihifadhi, shoga?" Bi Somoe alisema. "Likiungua ndiyo limekwisha."

"Kaa halihifadhiwi, Bi Somoe. Kaa huwashwa."

Akaliachia. Halikushika upesi. Akapepea kwa kipepeo, akapepea tena, mpaka ukingo wake ukageuka mwekundu na harufu ya kifuu ikajaa chumba, na kwa kitambo kile ilikuwa alasiri na Faki yuko mlangoni. Akafunga kifuniko kwa jogoo. Akachovya vidole majini, akanyunyiza. Maji yakasema chwii.

Akaishika pasi kwa mkono wa kulia, akasita. Akaihamishia mkono wa kushoto. Gumba lake likateremka kwenye kishimo, likakaa.

Alipiga pasi pole pole, kwa mkono usiozoea, akipotoka hapa na kurudi pale, machozi yakimdondoka na kufanya kazi ya maji. Mkono wa gauni ulinyooka wote isipokuwa kunjo moja dogo karibu na kiwiko. Faki asingelikubali. Mwatime aliliacha, kwa kuwa hilo lilikuwa lake mwenyewe. Akalivaa gauni, akamkumbatia Bi Somoe, akashika njia.

Penye lango Tamimu alikuwa amekaa juu ya kigoda, kikombe kimoja kimewekwa mbele yake mchana kweupe, na karatasi gotini. Alinyanyuka haraka alipomwona.

"Kwa mazoea tu, mama," alisema akitabasamu. "Una nini kisichosemewa?"

Mwatime alikiweka kikapu chini, akaunyoosha mbele yake ule mkono wa gauni, kunjo lake likionekana.

"Huu," alisema. "Lakini nimeshauanza."